Mshono Asiouona Mtu

Haya ni mazungumzo niliyotoa mbele ya jamii yetu ya wasemaji wa Kiswahili hapa Lewiston, Maine, mwaka 2025. Wengi hawakufika: walikuwa zamu ya jioni, na wengine wako Portland, usafiri uliwashinda. Wameomba maneno yote yaandikwe, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema, bila zile picha za ukutani.

Wazee wetu, mama zetu, baba zetu, kaka na dada, na ninyi vijana mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango: Bwana asifiwe. Asalaam aleikum. Hamjambo?

Asanteni kwa kuniita. Niliombwa nizungumzie kazi ya kuchomelea vyuma katika viwanda vya ndege, roketi na meli za kivita: inalipa kiasi gani, na mtu wetu anaingiaje. Yote hayo nitayasema. Lakini niruhusuni nianzie mbali kidogo. Nianzie Uvira, kwetu Kongo.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara: mabati manne juu, ukuta hakuna, upepo wa Ziwa Tanganyika unaingia na kutoka unavyotaka. Alitengeneza mageti, fremu za madirisha, vitanda vya chuma, keria za baiskeli. Mimi ndiye niliyemshikia chuma. Msimu wa mvua vile vijiti vyake vya kuchomelea vilivuta unyevu, na kila asubuhi, kabla hajawasha mashine, baba alivilaza juu ya bati, chini yake makaa, akawa anavigeuza polepole kama mama anavyogeuza mihogo. Siku moja nikamwuliza, "Baba, mbona unakaanga vijiti?" Akanijibu, "Kijiti chenye maji ni mwongo. Leo mshono unaonekana mzuri, kesho unapasuka."

Baba hakusoma chuo chochote. Aliyajua hayo kwa sababu mageti yalimrudia yakiwa yamepasuka, na wenye mageti walimrudia wakiwa wamekasirika.

Miaka ikapita. Vita, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ndege, Maine. Siku yangu ya kwanza katika mafunzo hapa Marekani mwalimu alitupeleka kwenye kabati la chuma lenye joto, akalifungua, na ndani vilikuwa vimepangwa vijiti vya kuchomelea. Akatueleza kwamba unyevu ukiingia kwenye moto hutoa haidrojeni, kwamba haidrojeni hujificha ndani ya chuma kigumu, na kwamba ufa unaweza kutokea siku kadhaa baadaye, wakati kazi imeshakaguliwa na watu wameshakwenda nyumbani. Chuma cha nyambizi kinachoitwa HY-80 kina tabia hiyo hasa. Ndiyo maana hupashwa moto kwanza kabla ya kuchomelewa, na vijiti vyake hukaa ndani ya kabati lile mpaka dakika ya kutumika. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi sikuandika kitu. Somo lile nililijua tayari, na nililijua kwa sauti ya baba yangu.

Sasa nawauliza. Kama ujuzi ni uleule, kwa nini geti la Uvira na bomba la injini ya ndege havilipwi sawa? Moto ni uleule. Mkono ni uleule. Wanalipia nini?

Wandugu zangu, hilo ndilo swali nililolileta leo. Wanalipia nini?

Nani hapa amewahi kufika Kittery, kule mpakani na New Hampshire? Ukiingia mjini kuna mzunguko wa barabara, na katikati yake umesimama mlingoti wa bendera. Una urefu wa futi 129, karibu mita 39. Si 130, si 125. Ni 129, kwa sababu watu 129 walikufa ndani ya nyambizi iitwayo Thresher, nyambizi iliyojengwa palepale Kittery, kwenye kiwanda cha Jeshi la Majini.

Ilikuwa tarehe 10 Aprili 1963. Thresher ilikuwa imetoka matengenezoni, ikaenda kujaribiwa kwenye kina kirefu, mashariki ya Cape Cod. Ndani yake hawakuwamo mabaharia peke yao. Walikuwamo pia raia 17, wakiwamo mafundi wa kiwandani waliokwenda kuangalia kazi ya mikono yao. Walitoa taarifa kwamba wana tatizo dogo. Baada ya hapo, maneno yaliyokatikakatika, kisha kimya. Iko chini hadi leo, zaidi ya mita 2,500.

Uchunguzi wa Jeshi la Majini uliona kwamba huenda kiungo cha bomba la maji ya bahari kilifumuka, maji yakaingia kwa nguvu, umeme ukakatika, injini ikazimika. Kiungo kimoja. Nyambizi ile ilikuwa na viungo vya mabomba kama 3,000 vilivyolehemiwa kwa aloi ya fedha, vyote vikibeba uzito wa bahari. Sikilizeni sasa jambo linalonikosesha usingizi. Kabla haijatoka kiwandani walikuwa wamejaribu kipimo kipya cha mawimbi ya sauti, kipimo kinachoona ndani ya kiungo. Walipima viungo 145 tu, kwa sharti kwamba kupima kusicheleweshe meli. Kati ya hivyo, asilimia 14 vilikuwa chini ya kiwango.

Piga hesabu mwenyewe. Katika 145, vibovu ni kama 20. Vile vilivyobaki, karibu 2,900, nani aliviona?

Baada ya msiba ule, mwaka huohuo wa 1963, walianzisha mpango unaoitwa SUBSAFE. Kwa mpango huo, kila kiungo kinachozuia bahari isiingie kiwe na historia yake iliyoandikwa: nani alikichomelea, siku gani, kwa chuma kutoka wapi, nani alikikagua, kipimo kilisema nini. Kuanzia mwaka 1915 hadi 1963 Marekani ilipoteza nyambizi 16 bila adui yeyote kuzigusa. Tangu 1963 hadi leo imepotea moja tu, Scorpion, mwaka 1968, nayo haikuwa imepitishwa na mpango huo.

Nilipousikia mkasa huu mara ya kwanza, nilipata jibu la swali langu. Wanalipia ule mshono ambao hakuna mtu atakayeuona tena. Geti la Uvira likipasuka, mwenye geti analiona na baba analitengeneza. Bomba lililoko chini ya bahari, au kwenye injini iliyo angani, litaonwa lini? Na nani? Kwa hiyo wanaulipa mkono wako, ndiyo, lakini zaidi wanalipa ili waweze kuliamini neno lako unapotia sahihi kwenye karatasi na kusema: huu niliuchomelea mimi, na uko sawa.

Vijana, mnanisikia? Uko sawa.

Nitawaambia jambo langu mwenyewe, nalo si la kujivunia.

Katika ndege na roketi tunatumia sana njia iitwayo TIG. Njia hii ilizaliwa kwenye ndege: mwaka 1941, katika kiwanda cha Northrop kule California, Russell Meredith alikuwa anatafuta jinsi ya kuchomelea magnesi bila kushika moto, akatumia ncha ya tangisteni na gesi ya heli kuukinga moto usikutane na hewa. Leo wengi tunatumia argoni. Mkono mmoja umeshika tochi, mwingine unalisha waya, na mguu uko kwenye pedali kuongeza na kupunguza moto. Nikiwatazama mama zetu kwenye cherehani, mguu chini na vidole juu ya kitambaa, naona kazi ileile.

Sasa ile ncha ya tangisteni haitakiwi kugusa chuma kilichoyeyuka. Ikigusa, punje yake inabaki ndani. Juu huoni kitu. Mshono unang'aa, mzuri kabisa. Nilikuwa katika mafunzo, nimechoka, nimetoka kufanya usafi hotelini usiku kucha. Ncha ikagusa. Kidogo tu. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Mwalimu alikuwa na mtu mwingine. Nikaendelea.

Kipande kikaenda kupigwa eksirei. Kwenye picha ya eksirei tangisteni huonekana kama nukta nyeupe, nyeupe hasa, kama nyota. Mwalimu akaniita, akaiweka picha juu ya mwanga. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Ulijua?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Kosa hilo ningekufundisha kulisawazisha kwa dakika kumi. Unasaga pale, unachomelea upya. Kunyamaza kwako ndiko sijui nikufundishe vipi."

Ndugu zangu, niliporudi nyumbani sikula. Nilijiona nimewauza watu ambao sijawahi kuwaona. Wiki iliyofuata ncha ikagusa tena, maana inagusa tu, hata kwa mafundi wa miaka 30. Nikazima moto, nikainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimeinua mkono hivyo mara nyingi tangu siku ile, na hakuna aliyewahi kunifukuza kwa kuinua mkono.

Na titani nayo ina mtihani wake. Hiki ni chuma chepesi, chenye nguvu, kinapendwa kwenye ndege. Lakini kikiwa na joto kali kinakunywa hewa kama mtu mwenye kiu. Lazima ukikinge kwa argoni juu na chini, na usiondoe gesi mpaka kipoe. Ukifanya vizuri, mshono unatoka na rangi ya fedha. Hewa ikigusa kidogo, unakuwa rangi ya majani makavu, na hapo bado unaweza kukubaliwa. Ikigusa zaidi, bluu. Zaidi ya hapo, kijivu, kisha unga mweupe. Bluu inapendeza macho. Inapendeza sana! Wageni wakija karakana wanaisifu. Nasi tunajua kwamba bluu ile ni ugonjwa: chuma kimekuwa kikavu kama biskuti na kitavunjika.

Haya, tuje kwenye pesa. Najua ndizo zilizowaleta wengine, wala si vibaya. Watoto wanakula.

Kuna watu wanazunguka na video wanasema kila mchomeleaji wa Marekani anapata dola laki moja kwa mwaka. Msiwasikilize. Nawapa takwimu za serikali. Mwezi Mei 2024, mshahara wa katikati wa wachomeleaji wote wa Marekani ulikuwa kama dola 51,000 kwa mwaka. Maana yake, nusu yao wanapata zaidi ya hapo na nusu wanapata pungufu. Kwa saa ni kama dola 24 na nusu. Asilimia 10 ya juu kabisa walipita dola 75,000. Na kima cha chini cha mshahara hapa Maine mwaka 2025 kilikuwa dola 14 na senti 65 kwa saa.

Pimeni wenyewe umbali ulio kati ya 14 na 24. Mimi nimeishi pande zote mbili. Upande wa 14 nilikuwa na kazi mbili na sikujua mwanangu anasoma nini. Upande wa pili nina kazi moja, nina bima ya afya, na jioni naangalia daftari lake.

Kisha kuna ovataimu. Sheria ya nchi inasema ukipita saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Dola 24 na nusu inakuwa karibu dola 37. Viwanda vyenye maagizo ya serikali vikibanwa na tarehe, ovataimu ni nyingi. Hapo ndipo mnasikia habari za mtu aliyenunua nyumba haraka. Nawasihi: msinunue nyumba kwa hesabu ya ovataimu. Inakuja kama mvua ya vuli na kukatika kama mvua ya vuli, na benki haijui misimu.

Nawajua vijana wawili wa kwetu, sitawataja. Mmoja aliona tangazo la kazi ya mkataba jimbo la mbali, pesa nzuri kwa saa, akaenda. Mwenzake akaingia uanagenzi wa kiwanda cha meli, pesa pungufu, lakini analipwa huku anasoma. Wa kwanza alitucheka sana mwaka ule. Mkataba ukaisha, bima hakuna, na kila kiwanda kipya kinamfanyia mtihani upya. Wa pili leo ana karatasi, yaani vyeti, za aina tano za uchomeleaji, na mshahara wake unapanda kwa ngazi iliyoandikwa kwenye mkataba wa chama cha wafanyakazi. Simlaumu wa kwanza. Alikuwa anatuma pesa Bukavu, na nani kati yetu hajui uzito wa simu inayotoka nyumbani? Lakini mwenye uwezo wa kusubiri, asubiri.

Maana kinachopandisha malipo ni karatasi. Kuna karatasi ya vyuma vya majengo, daraja na ghala, ambayo watu huita D1.1. Hiyo ni mwanzo mzuri. Ya ndege na roketi inaitwa D17.1, na humo hata macho yako yanapimwa, maana mtu asiyeona karibu hawezi kujua alichokifanya. Jeshi la Majini lina kanuni zake peke yake. Kila karatasi inasema chuma fulani, njia fulani, mkao fulani: chini, ukutani, juu ya kichwa. Ukipasi chini, hujapasi juu ya kichwa. Mtihani wa kupinda mnaufahamu? Wanakata vipande kutoka kwenye mshono wako, wanavipinda kwa mashine mpaka vinakuwa kama herufi U. Kwa D1.1, ufa wa zaidi ya milimita 3 ukifunguka, umeanguka. Nimesimama mbele ya mashine ile mara nyingi, na bado tumbo linanikata.

Mtaanzia wapi? Hapa hapa tuna bahati ambayo majimbo mengi hayana. Bath iko karibu, kile kiwanda kinachojenga manowari tangu karne ya 19. North Berwick kuna kiwanda kikubwa cha Pratt & Whitney cha vipande vya injini za ndege. Kittery ndiko nyambizi zinakofanyiwa matengenezo. Kuna vyuo vya jamii vyenye masomo ya kuchomelea. Mwenye uwezo wa kuhama, Newport News kule Virginia wana shule ya uanagenzi tangu mwaka 1919. Mwanafunzi halipi ada, yeye ndiye analipwa. Danville, Virginia, kuna mafunzo ya wiki 16 yaliyoanzishwa kwa ajili ya viwanda vya ulinzi. Masharti ya kuingia yasomeni kwanza kabla ya kufunga mizigo.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo limewarudisha nyumbani watu wetu wengi bila sababu. Naomba utulivu. Mama, mpe mtoto maziwa, nisikilizeni wote.

Viwanda hivi vinafungwa na kanuni za Marekani za silaha, zinazojulikana kwa herufi ITAR. Kanuni hizo zinasema michoro na siri za kazi hizi zisioneshwe kwa mgeni bila kibali. Watu wetu wanasikia hivyo, wanasema: basi, mimi ni mkimbizi, hapa si pangu. Hata baadhi ya waajiri wanasema hivyo. Sivyo kanuni inavyosema. Makundi manne yanahesabiwa kuwa ni watu wa hapa: raia, mwenye grini kadi, mkimbizi aliyepokelewa rasmi, na mtu aliyekwisha kupewa hifadhi. Narudia kwa ajili ya walio nyuma. Raia. Mwenye grini kadi. Mkimbizi aliyepokelewa. Aliyepewa hifadhi.

Nani hayumo? Ndugu yetu anayesubiri. Yule aliyeomba hifadhi na kesi yake haijaamuliwa, hata kama ana kibali cha kazi mfukoni. Inauma, najua. Mwaka 2019 mamia ya watu wetu walilala ndani ya ukumbi wa michezo wa Expo kule Portland, na wengi bado wanasubiri. Ninyi jifunzeni sasa. Mabomba ya maziwa, ya bia, ya hospitali, matanki ya chuma cha pua, yote yanahitaji TIG, na hayaulizi ITAR. Siku jibu likija, mkono uko tayari.

Na kuna kazi zinazodai uraia kabisa, mathalani kazi za serikali yenyewe kule Kittery, na zote zinazohitaji kibali cha usalama. Mkimbizi anaweza kuomba uraia miaka mitano tangu alipoingia. Mimi niliingia 2013, nikaapa 2019. Msiache tarehe zipite.

Je, ni kweli watu wamezuiwa? Mwezi Agosti 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki kampuni ya SpaceX, ikidai kwamba kwa miaka kadhaa iliwavunja moyo wakimbizi na waliopewa hifadhi wasiombe kazi, kwa kisingizio cha kanuni hizo. Kati ya kazi zilizotajwa, kazi ya kuchomelea ilikuwamo. Kampuni ilikataa madai hayo, ikaenda mahakamani, na mwaka 2025 serikali iliiondoa kesi. Sisemi nani alikuwa na haki. Mahakama haikufika huko. Nasema sheria yenyewe iko palepale ilipokuwa, na ukiambiwa "hatuajiri wakimbizi", omba wakuandikie hivyo. Halafu mtafute mwanasheria.

Wala sisi si wa kwanza kusimama kwenye mlango huu. Wakati wa vita kuu ya pili, kule Sausalito, California, palikuwa na kiwanda cha meli kiitwacho Marinship. Watu weusi waliajiriwa kuchomelea, lakini chama cha wafanyakazi kiliwataka walipe ada kwenye tawi la pembeni, la weusi, lisilo na kura. Joseph James, mchomeleaji mweusi, akakataa, na mamia wakakataa pamoja naye. Wakafukuzwa, vita vikiwa vinaendelea na meli zinahitajika. Wakaenda mahakamani. Mwishoni mwa mwaka 1944 Mahakama Kuu ya California ikaamua kwamba chama hakiwezi kuufunga mlango wa kazi na papo hapo kuwanyima watu uanachama kamili. Mtu aliyeshika tochi mchana, jioni alishika kalamu. Na kina dada, kwenye picha za mwaka 1943 za kule Richmond, California, mtawaona wanawake weusi wamevaa ngozi na kofia za kuchomelea, wanajenga meli iliyopewa jina la George Washington Carver, aliyezaliwa mtumwa. Kwa hiyo asije mtu akamwambia binti wa hapa kwamba kazi hii ni ya wanaume.

Afya, kwa ufupi, kwa sababu sitaki kuwadanganya. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la mambo yanayosababisha saratani kwa hakika. Ukichomelea chuma cha pua, moshi wake una kromi mbaya zaidi. Vaa barakoa ya kuchuja, washa kifyonza moshi, hata kama wengine wanakucheka. Baba yangu alitumia miwani ya jua. Alikufa hawezi kusoma Biblia yake.

Limebaki moja, nalo ni zito kuliko yote.

Juzi mzee mmoja wa hapa alinipigia simu. Akasema, "Binti yangu, nimesikia utawafundisha watoto wetu kujenga meli za vita. Sisi tulikimbia nini?"

Sikuweza kumjibu kwenye simu. Nimelala na swali hilo siku tatu. Sisi tulikimbia bunduki. Mimi nimevuka ziwa usiku, nimeshika mkono wa mdogo wangu, nyuma yetu kunawaka. Sijui bunduki zile zilitengenezwa wapi, lakini kuna mahali fundi alizitengeneza, akapokea mshahara, akaenda kula na watoto wake.

Nilipopata kazi hii nilimweleza mama yangu. Akaniuliza, "Hicho unachotengeneza kikipasuka, nani anakufa?" Nikasema, walio ndani. Akasema, "Basi kishone vizuri." Nilishukuru kwa jibu lile. Lakini sikusema ukweli wote, maana mama hakuniuliza kisipopasuka kinakwenda kufanya nini.

Karakana ninayofanyia kazi inatengeneza mabomba ya injini. Mengine yanakwenda kwenye ndege za abiria, na mengine yanakwenda kwenye ndege za kivita. Bomba ni lilelile. Nilikaa na mume wangu, tukakubaliana: mabomba, ndiyo, siku nikiambiwa nihamie kwenye vichwa vya makombora, nitarudisha kofia yangu. Huo ni mpaka wangu. Mzee wangu ataona uko karibu mno na moto. Mwingine ataona hauna maana. Sitawachorea ninyi mpaka wenu. Ninachowaomba ni mkae na swali hili kabla ya kusaini, mkae nalo pamoja na wazazi wenu, kwa sababu baada ya kusaini, baada ya gari na nyumba, swali linakuwa na bei. Na mkijua kwamba moyo umekataa, ujuzi huuhuu una milango mingine: roketi iliyopeleka chombo kuuzunguka mwezi, Novemba 2022, bila bunduki hata moja, ile ya Artemis, matanki yake yaliungwa New Orleans na watu wa kazi hii.

Mzee wangu, uko hapa, nimekuona. Hilo ndilo jibu nililonalo. Nikipata bora zaidi nitakuja nyumbani kwako.

Sasa, kwenye meza ile karibu na chai kuna vipande vinne vya titani. Kimoja cha rangi ya fedha, kimoja cha majani makavu, kimoja bluu, kimoja kina unga mweupe. Vyote nimevichomelea mimi, siku moja, kwa mkono huu. Tofauti yake ni gesi niliyoiondoa mapema. Njooni mvishike. Na wewe binti wa kitambaa chekundu, uliyeinua mkono tangu niliposema habari za pedali, njoo mbele uulize.